Asali ya Posa Kutoka Tabora

Hakuna anayependeza akiwa anagombania boksi, lakini Swaumu siku ile alipendeza, na yeyote aliyekuwapo stendi kuu ya mabasi pale Nzuguni atakuambia hivyo hivyo. Alivaa gauni refu la zambarau na mtandio wa manjano. Upepo wa Dodoma ulikuwa unauvuta mtandio, yeye anaurudisha kwa mkono mmoja, na mkono wa pili umeng'ang'ania kona ya boksi lililofungwa kamba ya katani. Kona nyingine ilishikwa na kijana mrefu mwenye shati la kitenge, naye hakuonyesha dalili yoyote ya kuachia.

"Kaka, achia. Hili ni langu."

"Dada, mimi nimeambiwa namba saba. Soma mwenyewe, saba hii hapa."

"Na mimi nina saba. Mama amenitumia kutoka Kondoa. Samli na unga wa uwele."

"Hebu inama unuse. Samli ya kwenu inanukia asali?"

Swaumu akainama, akanusa, akaachia kona. Karani wa mizigo, ambaye muda wote alikuwa akiwatazama kama mtu aliyelipa kiingilio, akavuta boksi jingine kutoka chini ya meza. Nalo limeandikwa saba kwa wino mzito.

"Mabosi zangu, kila basi lina saba yake," akasema. "Kuna saba ya Kondoa, kuna saba ya Tabora. Mkinitajia saba tu bila basi, mnataka nioteshwe?"

Kijana akacheka, akatikisa kichwa. "Ufunguo wa ndani bila ufunguo wa nje," akajisemea. "Lazima vigongane."

Swaumu alikuwa ameshapiga hatua aondoke. Akageuka. "Umesemaje?"

"Hamna kitu. Mambo ya kazini kwetu."

"Kazini wapi?"

"Naandika programu za kompyuta. Nisamehe, nimezoea kuongea peke yangu."

"Kwa lugha ya TypeScript?"

Sasa kijana ndiye aliyekaribia kuangusha boksi. "Naitwa Masudi," akasema.

"Sikukuuliza jina. Nimekuuliza TypeScript."

"Ndiyo, TypeScript. Na jina ni Masudi."

Hivyo ndivyo walivyoanza, mbele ya watu, huku abiria wa Singida wakiwasukuma kwa mabegi. Swaumu alikuwa amemaliza chuo hapo hapo Dodoma, amepanga chumba Mkonze, anafanya kazi katika ofisi moja ndogo ya programu mjini. Masudi alikuwa Mnyamwezi wa Tabora aliyekuja kusoma akasahau kurudi, na alipanga Nzuguni kwa Mzee Lameck, Mgogo mstaafu aliyempenda mpangaji wake huyo kupita wanawe waliohamia mbali. Wiki ile ile walikwenda kula ugali wa uwele kwa mlenda, na Masudi akaomba kijiko.

"Mnyamwezi, mlenda hauliwi kwa kijiko."

"Nitachafua shati, mpenzi."

"Mpenzi? Nani kakuambia mimi mpenzi wako?"

"Mlenda umenitoa akili."

Swaumu akacheka mpaka mama lishe akageuka. Siku zilizofuata simu zao zilianza kupigwa kwa sababu za kweli, kisha zikapigwa kwa visingizio, na mwisho zikapigwa bila hata kisingizio. Umefika? Nimefika. Umekula? Nimekula. Umekula nini? Wapenzi wote wanazungumza upuuzi huu na wote wanaamini ni wao wa kwanza.

Walipochoka kuulizana wamekula nini, wakapata wazo. Kwa nini wasiwaandikie wale mawakala wa mizigo mfumo, ili saba ya Kondoa isiote ndoto ya Tabora tena? Wakakodi kijiofisi Nzuguni, wakaanza.

Hapa nikuombe uvumilivu kidogo, maana bila kuijua kazi yao hutaelewa walivyokuja kuumizana. Ndani ya mfumo kulikuwa na njia za mabasi, na ndani ya kila njia vituo vyake, na kila kituo na rafu zake za mizigo. Njia ya Kondoa ina Kondoa mjini na Kolo. Njia ya Tabora ina Manyoni, Itigi na Tabora yenyewe. Fanksheni ya kupanga mizigo, yaani kile kipande cha programu kinachofanya kazi hiyo, ilipokea vitu viwili, njia kwanza, ule ufunguo wa nje, kisha kituo, ule wa ndani. Programu ya mtu mvivu ingekubali neno lolote mahali pa kituo, lakini Swaumu hakuwa mvivu. Aliiandika kwa jeneriki, yaani kwa herufi zinazosimama badala ya majina halisi. Akaweka herufi N kwa njia na K kwa kituo, akatoa sharti kwamba K lazima awe mmoja wa vituo vilivyomo ndani ya N ile ile iliyotajwa, si ndani ya nyingine. Ukitaja njia ya Tabora kisha ukaandika Kolo, kompaila, yaani kile chombo kinachoikagua programu kabla haijaanza kazi, kinapiga mstari mwekundu na kukataa katakata.

Masudi aliusoma msimbo ule akaegemea kiti.

"Swaumu, hii ni nzuri."

"Nzuri vipi?"

"Nzuri kama wewe ukikasirika. Haimpitishi mtu."

Kitu kimoja tu mawakala walikisisitiza: lebo isiwe na jina la mtu. Wateja hawapendi kila mpita njia ajue nani katumiwa nini. Basi lebo ikawa na njia, kituo na rafu, na mwenye mzigo anapata ujumbe wa simu kumwambia rafu yake ni ipi.

Siku ya kuwaonyesha mawakala ilifika kabla kazi haijaisha, na hilo si jambo la ajabu kwa watu wa fani yao. Kulikuwa kumebaki kipande cha mizigo ya kuunganisha, ile inayokuja na basi moja na kuondoka na jingine. Masudi alikuwa nje akiwakaribisha wageni na kuwapa maji. Ndani, Swaumu peke yake alikuwa anatazama mstari mwekundu. Fanksheni ilikuwa inapewa njia ya basi lililoleta mzigo pamoja na kituo cha basi litakaloupeleka, Tabora kwa huku na Kondoa mjini kwa kule, na kompaila ikakataa, tena kwa haki. Dawa ilikuwa kutaja njia ya basi la pili, lakini hiyo ilidai kupangua mambo matatu mengine, na sauti za wageni zilikuwa tayari mlangoni.

Swaumu akaandika neno any. Neno hilo, katika lugha ile, maana yake ni chochote kile, pita tu, sikuulizi. Mstari mwekundu ukapotea. Nitarekebisha jioni, akajiambia.

Jioni hakurekebisha. Mawakala walikuwa wameondoka wakishangilia, na Masudi alikuwa amemshika mkono akampeleka stendi, mpaka mbele ya meza ile ile ya mizigo, upepo ukimpulizia vumbi machoni.

"Umenileta huku tugombee boksi gani tena?"

"Nataka niwatume wazee Kondoa," Masudi akasema. "Kama utakubali."

Swaumu akapangusa vumbi machoni mpaka karani akaacha kuandika. "Mshenga wako nani?"

"Mzee Lameck."

"Mgogo, tena Mkristo, aende kuposa kwa Mrangi?"

"Ana maneno mazuri kuliko baba zangu wote wadogo. Jibu, bibie, karani anasubiri."

"Mwambie karani nimekubali."

Sasa niambie, msichana aliyeulizwa swali kama hilo atakumbuka neno la herufi tatu aliloliacha kwenye kompyuta? Mimi simlaumu. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuja kujilaumu.

Mzee Lameck alikwenda Kondoa na koti lake la suti, akazungumza, akapokelewa. Mzee Idi, baba yake Swaumu, alisema boksi la posa lije, wanawake wa nyumba walifungue, kisha siku ipangwe. Huko Tabora mama yake Masudi akanunua doti za kanga, akashona kanzu ya baba mkwe, akatafuta asali ya msituni iliyo nyeusi na nzito. Ndugu walimshauri ampe mtu mkononi. Akakataa.

"Nitapeleka kwa mfumo wa mwanangu," akasema kwa majivuno. "Ameuandika na mchumba wake."

Jumamosi hiyo sebule ya Mzee Idi ilijaa. Shangazi yake Swaumu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, alikata kamba ya boksi mbele ya wote. Swaumu alikuwa amekaa mkekani kwa adabu, macho chini, hina mpya mikononi. Shangazi akaingiza mkono. Kwanza ikatoka kofia ndogo ya sufi. Kisha soksi mbili zisizotosha hata kidole gumba. Kisha vigauni, nepi za kitambaa, na chini kabisa mbeleko.

Halafu, mmoja baada ya mwingine, macho ya wanawake wale yakahama kutoka kwenye boksi yakaenda kwenye tumbo la Swaumu.

"Hawa watu wanatuambia nini?" Mzee Idi akauliza taratibu.

"Wanatuambia binti yetu ameshamaliza kazi," Shangazi akajibu. "Wametuletea vifaa."

Swaumu alitamani sakafu impokee. "Shangazi, wallahi sina kitu! Sina!"

"Mimi sijasema unacho. Wakweo ndio waliosema."

Mzee Idi akainuka. Hakufoka, na hilo ndilo lililotisha. "Ijumaa baada ya swala, boksi hili litarudi kwao na posa yao. Mwiteni mshenga aje alichukue. Labda kabla ya hapo apatikane wa kunieleza, na maelezo yaniingie."

Swaumu alikimbilia uani, nyuma ya tangi la maji, akapiga simu. Masudi akapokea kwa furaha.

"Laazizi! Wameipenda?"

"Masudi, mama yako ameweka nini kwenye boksi?"

"Asali, kanga, kanzu ya mzee. Mbona sauti hiyo?"

"Nguo za mtoto mchanga zimeingiaje?"

"Nguo za nani?"

"Za mtoto! Na mbeleko! Zimetolewa mbele ya ukoo mzima, wananiangalia tumbo! Mmenivua nguo hadharani, Masudi!"

"Ngoja, mpenzi. Ngoja. Hilo si boksi letu, limebadilishana njiani. Angalia mfumo."

"Mfumo hauwezi kubadilisha. Kituo hakiwezi kupita kwenye njia isiyo yake. Nimeuandika mimi."

"Najua umeuandika wewe. Uangalie hivyo hivyo."

"Naona kwako ni rahisi kuilaumu kazi yangu kuliko kumuuliza mama yako."

Masudi alipozungumza tena, sauti ilikuwa imeshuka.

"Mama alinionyesha kwenye video kabla hajafunga kamba. Kitu kimoja kimoja, anachekacheka kama msichana. Unasema mama yangu ni mwongo?"

"Nasema mfumo hausemi uongo."

"Basi olewa na mfumo."

Simu ikakatwa. Swaumu alibaki ameishika sikioni, hasira imemjaa, na chini ya hasira, nitasema kweli, kulikuwa na hofu.

Alirudi Dodoma akakuta kijiofisi kimefungwa. Masudi alikuwa anafanyia kazi zake nyumbani na hapokei simu, wala Swaumu hakupiga kwa bidii. Huko Tabora mama yake Masudi naye alikuwa anahesabu ukimya. Alimpigia mwanawe akamuuliza, "Hata ahsante hawajasema? Asali yangu mbaya?" Masudi akamwambia mtandao wa Kondoa unasumbua.

Jumatano, wakati Swaumu anachokoa wali asioutaka, yule karani wa stendi akapiga.

"Dada Swaumu, njoo uone. Mizigo miwili ya kuunganisha, mfumo umeitolea lebo moja. Kondoa, rafu ya kwanza, yote miwili."

"Haiwezekani."

"Basi njoo uniambie haiwezekani nikiwa nimezishika."

Swaumu akafungua kompyuta kwa ubishi, ili amkomeshe. Alipita fanksheni yake aliyoipenda, iko vilevile, safi, na sharti lake limesimama. Akateremka mpaka kwenye mizigo ya kuunganisha. Any ilikuwa pale, imekaa kimya.

Akalifuta neno. Mstari mwekundu ukajitokeza papo hapo, mahali pale pale, na maelezo yale yale aliyoyakimbia siku ya wageni: Kondoa mjini si kituo cha njia ya Tabora. Kompaila ilimwambia mapema, naye akaiziba mdomo. Kuanzia hapo, kila mzigo wa kuunganisha ulikosa rafu, na mfumo kwa kukosa cha kufanya ukaupa rafu ya kwanza. Ukija mmoja, haina neno. Ikija miwili siku moja, lebo zinafanana, na anayetangulia kuchukua anapewa lililo mbele. Akatazama kumbukumbu za siku boksi la posa lilipopita. Mizigo miwili ya kuunganisha: mmoja wa mama yake Masudi, na mmoja kutoka Itigi, wa mwanamke anayeitwa Gladness, Kondoa mjini.

Swaumu akalia pale pale mezani, akafuta machozi kwa mtandio, akakodi bodaboda mpaka kwa Mzee Lameck.

Mzee alikuwa anapunguza majani ya mizabibu yake mbele ya nyumba. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Yuko ndani. Hajaniambia kitu, lakini redio yangu ameizima siku ya tatu leo."

Masudi akatoka, ndevu hajanyoa, akasimama mlangoni bila kumkaribisha.

"Ni mimi," Swaumu akasema. "Kwenye mizigo ya kuunganisha niliweka any. Siku ya wageni. Nikasema nitatoa jioni, na jioni ukaniuliza lile swali. Nimeshaitoa. Boksi lenu liko Kondoa kwa mtu mwingine. Mama hana kosa. Nisamehe."

Masudi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kompyuta imekuambia, ndiyo umekuja," akasema. "Isingekuambia?"

Swaumu akafungua mdomo. Angeweza kusema angekuja tu, na wengi tungesema hivyo. "Sijui," akasema.

"Ahsante kwa kutonidanganya." Akaingia ndani. Mlango haukubamizwa, ulifungwa polepole, na Swaumu akaona heri ungebamizwa.

Mzee Lameck akapangusa kisu chake kwenye suruali. "Mimi ni mshenga, mama. Keshokutwa nitakwenda Kondoa kulichukua boksi, ndiyo kazi yangu. Lakini nikiulizwa haya ya mistari myekundu, nitaeleza nini?"

"Nitaeleza mimi."

"Binti kusema kwenye posa yake? Kwenu inaruhusiwa?"

"Hairuhusiwi."

"Haya," mzee akasema, akarudi kwenye mizabibu.

Alhamisi Swaumu alikuwa Kondoa, anabisha hodi kwa Gladness. Mlango ulifunguliwa na mwalimu kijana mwenye mtoto kifuani, na kiunoni amejifunga kanga mpya ya posa. Swaumu akahisi ni ya boksi lao kabla hajaambiwa.

"Mungu wangu, ndiye wewe mwenye kanzu!" Gladness akasema aliposikia habari. "Nilimwambia mume wangu, mama hawezi kututumia kanzu, sisi tunasali kanisani. Akaijaribu, ikamfika magotini. Na asali... dada, asali nimekula na uji. Nilidhani mama kanihurumia. Imebaki hivi." Akaonyesha kwa vidole viwili.

"Na mama yako umemwambia umepata?"

"Nilimshukuru kwa asali, akadhani nimechanganyikiwa kwa uzazi."

Swaumu alicheka, mara ya kwanza tangu Jumamosi, na kicheko kikageuka kilio, na Gladness akampa kiti.

Ijumaa, swala ilipokwisha, sebule ilijaa tena. Boksi lilikuwa katikati, limefungwa kamba upya. Mzee Lameck alikaa kwenye kochi na suti yake. Pembeni yake, kwa kuwa mzee hawezi kubeba mzigo, alikaa Masudi, amenyoa, kanzu nyeupe, macho yako kwenye zulia. Alikuja kulibeba boksi. Hakuja kwa lingine, na usiku wa jana yake alikuwa amemwambia mama yake kwamba posa inarudishwa.

"Mshenga," Mzee Idi akaanza, "tulikupokea kwa heshima, na kwa heshima..."

"Asalaam aleikum," Swaumu akasema mlangoni. Alivaa lile gauni la zambarau. Nyuma yake alisimama mwanamke asiyejulikana, mtoto mgongoni, ameshika kanzu iliyokunjwa na chupa yenye asali ya kina cha vidole viwili.

"Swaumu! Nani kakuita?" Shangazi akafoka.

"Hakuna, Shangazi. Baba, naomba niseme. Kosa si la Tabora, ni langu."

Mzee Idi akanyanyua mkono, Shangazi akanyamaza. "Sema."

Akasema. Alieleza njia na vituo, boksi la Itigi na boksi la Tabora, lebo moja, rafu moja. Gladness akafungua kamba, akatoa kofia ya sufi, akamvisha mtoto wake, ikamkaa sawasawa. Mjomba mmoja akakohoa kuficha kicheko.

"Nieleweshe mimi mtu wa zamani," Mzee Idi akasema. "Hiyo mashine ilikuona unakosea?"

"Iliniona, Baba. Ikanikataza."

"Nawe ukafanyaje?"

"Nikaizima isinikataze."

"Na huyu kijana? Alikukataza?"

"Aliniambia niangalie mfumo. Nikamjibu mama yake mwongo." Hakuishusha sauti. "Juzi ameniuliza, kama kompyuta isingeniambia, ningekwenda kwake? Nimelifikiria njia nzima. Nisingekwenda, Baba. Ningekaa na kiburi changu mpaka ninyi mrudishe posa, na ningesema nimeonewa. Nampenda, na ningemwacha aondoke. Hilo linanitisha kuliko aibu ya Jumamosi. Mkitaka kurudisha posa, rudisheni, lakini mrudishe kwa kosa langu, siyo kwa kosa la mama wa watu."

Masudi hakuinua uso. Mikono yake tu ndiyo iliyokuwa imebana magoti.

"Aliyetukanwa hayumo humu ndani," Mzee Idi akasema baada ya muda. "Mimi nitasameheje kwa niaba yake? Kijana, mpigie mama yako. Weka sauti wote tusikie."

Masudi akapiga. Simu iliita sana.

"Masudi, mwanangu. Wamekurudishia?"

"Mama, kuna mtu anataka kuzungumza na wewe."

Swaumu akapiga magoti mbele ya simu iliyowekwa mezani, kana kwamba mwenyewe yuko pale. "Shikamoo, Mama. Ni Swaumu."

Sebule nzima ikasikia kuku wa Tabora akitetea.

"Marahaba," sauti ikasema, kavu.

"Mama, boksi lako lilipotea kwa uzembe wangu mimi. Na lilipopotea, nikasema wewe ndiye uliyeweka vitu vibaya. Nilikuita mwongo, Mama, na hata sauti yako nilikuwa sijaisikia. Naomba unisamehe."

Kule Tabora akasikika akimfukuza kuku.

"Asali yangu iko wapi?"

"Imeliwa, Mama. Aliyepewa ni mzazi. Ana mtoto mchanga, alikula na uji."

"Mzazi?" Sauti ikabadilika kidogo. "Maziwa yanatoka?"

Gladness akasogea mbele bila kuulizwa. "Yanatoka sana, Mama. Mtoto analala mpaka namwamsha."

"Basi haijapotea," mama akasema. Akavuta pumzi, wote wakaisikia. "Wewe Swaumu."

"Abee, Mama."

"Nilikuwa nimeapa nisizungumze na wewe. Lakini mwanangu huyo aliniambia wiki nzima kwamba mtandao wa Kondoa unasumbua. Mtu hamfichii aibu asiyemtaka. Nitatafuta asali nyingine." Akasita. "Hapana. Sitaituma. Nitaileta mwenyewe, nimeipakata."

Simu ikakatika. Mzee Idi akatazama dari, kisha akachukua ile kanzu aliyoileta Gladness, akaikunjua, akajipima mabegani. Ilimfika miguuni.

"Mshenga," akasema, "leo huna cha kubeba. Shangazi, leteni chakula."

Shangazi aliyekuwa ameamrisha wiki nzima akakimbilia jikoni kabla machozi hayajaonekana. Watu wakaanza kuongea wote kwa pamoja. Masudi akainuka, akamkuta Swaumu bado amepiga magoti pale chini, akampa mkono.

"Bado nina hasira," akamwambia kwa sauti ndogo.

"Kaa nayo. Nitakuwa naiuliza kila asubuhi kama imekwisha."

"Mama ameshanitumia ujumbe. Atafika Dodoma Jumapili, na basi la Tabora. Mimi nitakuwa kwa wateja mjini mpaka jioni."

"Nitakwenda stendi kumpokea mwenyewe."

"Hujawahi kumwona. Utamjuaje?"

Swaumu akaushika ule mkono, akasimama. "Nitasubiri mpaka ashuke mtu aliyepakata asali."